Mtoto wa Lemera apimwe kwa kipimo cha nani?

Mwaka 2015 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Nazneen Gangji, Michelle Pascoe na Mantoa Smouse, walichapisha uchunguzi wao juu ya matamshi ya watoto 24 wa Dar es Salaam. Watoto hao, wenye lugha ya kwanza Kiswahili, walikuwa na umri wa kati ya miaka mitatu na sita kasoro mwezi mmoja. Waligawanywa katika makundi sita ya watoto wanne wanne, wakaonyeshwa picha, wakataja walichokiona, na maneno yao yakarekodiwa kisha kunukuliwa kifonetiki. Irabu zote zilikuwa zimekamilika kufikia miaka mitatu, pamoja na konsonanti nyingi. Sauti /z/, /s/ na /h/ zilingoja hadi miaka minne. Za mwisho kabisa, karibu na miaka sita, zilikuwa /r/ na ile sauti inayoanza neno thelathini.

Watoto 24 ni wachache, na watafiti wenyewe waliita matokeo yao ya awali. Hata hivyo mtu anayetaka kujua mtoto wa Kiswahili hutamka nini katika umri gani, hapo ndipo pa kuanzia. Sasa tuuchukue mpangilio huo wa sauti na umri tuupandishe nao milimani, hadi Lemera.

Lemera iko katika nchi ya Bafuliiru, juu ya bonde la Ruzizi, ndani ya teritware ya Uvira. Mtoto anayezaliwa huko husikia Kifuliiru kwa mama na kwa majirani. Kiswahili atakisikia sokoni, kanisani, kwenye kituo cha afya na kwa kila mgeni. Akishuka bondeni, upande wa Luvungi au Sange, atakutana na Kirundi. Akifika Uvira mjini ataongeza Kivira na Kibembe. Akiingia darasa la kwanza, Kifaransa kinamngoja ubaoni. Katika nchi nyingi mtoto wa namna hii angeitwa mtoto wa pekee. Kwetu yeye ndiye wa kawaida, na mwenye lugha moja tu ndiye wa kutafutwa.

Mtoto huyo wa miaka sita akihesabu atasema selasini, na katika masomo ya dini atasema zambi. Kwa kipimo cha Dar es Salaam ana makosa mawili, na umri wa kuyavumilia umekwisha. Lakini mwalimu wake pia anasema selasini. Katekista anasema zambi. Baba anasema luga, wala hasemi lugha. Sauti za th, dh na gh, zilizoingia Kiswahili cha pwani pamoja na maneno ya Kiarabu, hazimo katika Kiswahili cha watu wazima wengi wa huku. Mtoto amejifunza kikamilifu kile alichopewa. Vivyo hivyo na h: wengi husema apa na awa. Vivyo hivyo na silabi: mtoto wa Dar es Salaam ana m- inayosimama peke yake katika neno mtoto, wakati wetu ana mu- yenye irabu yake, mutoto. Kipimo kinachohesabu kama mtoto amefaulu kutamka m- ile ya silabi hakina la kumuuliza mtoto wa Lemera, kwa sababu sauti hiyo haimo katika usemi wa watu waliomlea.

Siwalaumu watafiti wa Cape Town. Hawakudai kwamba walipima Kiswahili chote. Tatizo huanza pale kipimo kinaposafiri bila mwenyewe. Nalo si tatizo la nadharia tu, kwa kuwa nyuma ya kila kipimo kuna mtu atakayeambiwa jambo kuhusu mtoto wake.

Kuna namna mbili za kumwambia vibaya. Ya kwanza tunaifahamu sote. Mtoto hasemi vizuri Kifaransa au Kiswahili cha shule, basi anaitwa mzito, anawekwa benchi la nyuma, anarudia darasa, na mzazi anashauriwa aache kumsemesha Kifuliiru nyumbani ili asichanganyikiwe. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, nao hauna msingi. Uchunguzi wa miaka mingi juu ya watoto wenye lugha mbili na zaidi haujaonyesha kwamba wingi wa lugha ndio unaoleta ugonjwa wa usemi. Mama akiambiwa aache lugha anayoijua vizuri aseme ile anayoijua nusu, mtoto hupoteza hadithi, mafumbo, matani na maonyo, na hapati kitu cha kiasi hicho mahali pake.

Namna ya pili haizungumzwi sana, nami naiona hatari kuliko ya kwanza. Ni pale mzazi anapokuja na wasiwasi wa kweli, akaambiwa: «Ana lugha nyingi, itapita tu.» Wakati mwingine haitapita. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, kikundi cha watafiti pamoja na Julie Carter kilifuatilia watoto waliokuwa wamepona malaria kali, wakakuta matatizo ya usemi na lugha yanaonekana zaidi kwa baadhi yao kuliko kwa watoto ambao hawakuugua hivyo. Sisi tunaoishi kando ya bonde la Ruzizi hatuhitaji kufundishwa malaria ni nini. Ongeza homa ya uti wa mgongo, ambayo huweza kuua masikio. Ongeza masikio yanayotoa usaha mwaka mzima. Ongeza kinini ikitolewa kupita kiasi. Mtoto aliyetoka hospitali akiwa hai, na familia ikamshukuru Mungu, anaweza kuwa amebaki na shida ambayo hakuna atakayeiona kwa kuwa kila mtu anasingizia lugha nne.

Basi swali la mtafiti ni hili: kutenganisha tofauti na shida. Kanuni ambayo wataalamu wengi wanaikubali inasemeka kwa maneno machache. Shida ya kweli ya usemi huonekana katika lugha zote za mtoto, ingawa haionekani kwa sura moja. Udhaifu unaoonekana katika lugha moja tu, hasa ile aliyoanza juzi, kwa kawaida ni suala la muda na la kusikia vya kutosha. Kanuni ni fupi, ila kuitumia kunadai jambo kubwa: lazima mtoto asikilizwe katika lugha zake zote, na anayemsikiliza ajue watu wazima wa hapo wanasemaje. Hakuna mtu mmoja anayeweza hayo yote. Ndiyo maana kazi hii haifanyiki bila ushirikiano.

Mwaka 2012 wataalamu zaidi ya 50 kutoka nchi zaidi ya 30, wakiongozwa na Sharynne McLeod wa Chuo Kikuu cha Charles Sturt huko Australia, walitoa tamko la pamoja kuhusu usemi wa watoto wenye lugha nyingi. Walikuwa wanaisimu, wanafonetiki, watabibu wa usemi na walimu. Kiini cha tamko lao ni kwamba watoto wasaidiwe kusema lugha zote zinazotumika nyumbani na katika jamii yao, na kwamba mtaalamu asiyejua lugha ya mtoto asijifungie ofisini na karatasi yake, bali ashirikiane na wanaoijua. Mwaka huohuo McLeod na wenzake walichapisha dodoso fupi mno la maswali saba, ambalo tangu hapo limetafsiriwa katika lugha kadhaa za kumi. Mzazi anafikiria mwezi mmoja uliopita, kisha anajibu: je, mtoto wako anaeleweka kwako wewe? Kwa watu wa nyumbani? Kwa ndugu wa ukoo? Kwa rafiki zake? Kwa watu wengine wanaomfahamu? Kwa walimu wake? Kwa watu wasiomjua? Kila jibu lina alama, kuanzia 1 kwa «hapana kabisa» hadi 5 kwa «kila mara».

Ninalipenda dodoso hili kwa sababu halimuulizi mtoto atamke th. Linauliza jambo ambalo mama yeyote analijua hata kama hakusoma: wanangu wanamwelewa au hawamwelewi? Lakini hata hilo, ukilileta Lemera, linaanza kuuliza maswali yake lenyewe. «Watu wa nyumbani» ni nani, ikiwa kwenye uwanja mmoja wanakaa baba mdogo, shangazi aliyerudi kwao na mama mzaa baba? Na wa ukoo wa mbali ni yupi? Mgeni asiyemjua mtoto atasema naye lugha gani? Mtoto anaweza kupata 5 kwa mgeni Mfuliiru na 2 kwa mgeni Mrundi, na jibu la katikati halisemi kitu. Hapana budi maswali yaulizwe kwa kila lugha peke yake, na maneno ya ujamaa yapangwe upya na wenyeji kabla ya mtu yeyote kuchapa karatasi. Kutafsiri kwa kamusi hakutoshi, na hapo ndipo mwanafunzi wa kitivo cha lugha anapokuwa na la kufanya kuliko daktari.

Mfano mzuri wa kazi ya namna hiyo uko Kilifi vilevile. Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, kutokana na dodoso lililoanzia Marekani ambalo mzazi hujaza mwenyewe kwa kalamu. Kilifi wazazi wengi hawakuwa wanasoma, kwa hiyo dodoso liligeuzwa kuwa mazungumzo: muulizaji anakaa na mama, anamtajia, mama anajibu. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Fundisho lake kwetu ni la vitendo kabisa: muulizaji awe mtu anayesema lugha ya mama huyo, tena awe na subira.

Kuhesabu maneno kwenyewe kuna utata ambao unatuhusu sisi zaidi ya watu wengi. Barbara Zurer Pearson, aliyechunguza watoto wa Kihispania na Kiingereza huko Miami katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba ukihesabu lugha moja tu utamwona mtoto wa lugha mbili kuwa maskini wa maneno. Ukihesabu vitu vyote ambavyo ana jina lake katika lugha yoyote, umaskini huo unapungua sana au unatoweka. Wazo ni la haki. Lakini Kihispania na Kiingereza ni lugha zilizo mbalimbali. Zetu ni ndugu. Kiswahili kinasema nyumba, Kifuliiru inyumba, Kirundi inzu. Mtu ni mutu kwa Kiswahili chetu, umundu kwa Kifuliiru, umuntu kwa Kirundi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huacha mara nyingi silabi ya mwanzo; Katherine Demuth aliona jambo kama hilo kwa watoto wa Kisotho nchini Lesotho, ambao viambishi vya ngeli huwajia hatua kwa hatua. Basi mtoto wa Lemera akisema nyumba, amesema Kiswahili, au amesema Kifuliiru bila irabu ya mwanzo? Amepata neno moja au mawili?

Neno lenyewe halitajibu. Dalili iko pembeni: alikuwa anasema na nani, na neno lililofuata lilikuwa la lugha gani. Kwa hiyo rekodi ya picha na majina peke yake haitoshi huku, hata kama ilitosha Dar es Salaam. Inahitajika rekodi ya mazungumzo, mtoto akiwa na mama, kisha na mtoto wa jirani, kisha na mtu wa Kiswahili, na kila sehemu iandikwe nani alikuwepo. Wapo waliotengeneza vifaa vya kusaidia hapo. Kimojawapo ni hadithi za picha zilizochapishwa Berlin mwaka 2012 chini ya Natalia Gagarina, kila hadithi picha sita, ili mtoto asimulie hadithi moja katika lugha moja na nyingine inayolingana nayo katika lugha ya pili. Moja ni ya vifaranga vya ndege, nyingine ya wana-mbuzi. Mbuzi hahitaji kuelezwa Lemera.

Kuna pia mambo ambayo Kiswahili hakiwezi kutufundisha hata kidogo, kwa kuwa Kiswahili kimeyapoteza. Kifuliiru kina tani, na kina irabu fupi na ndefu zinazobeba maana; ndiyo sababu jina lake huandikwa kwa ii mbili. Kirundi nacho ni hivyo: inda ya tumbo na inda ya chawa huandikwa sawasawa, na sikio ndilo linalozitenganisha. Mtoto anayekua na Kifuliiru na Kiswahili pamoja analea mfumo wenye tani na usio na tani kichwani mwake kwa wakati mmoja. Johanne Paradis na Fred Genesee waliandika mwaka 1996 kwamba lugha mbili za mtoto zinaweza kugusana kwa njia tatu: moja ikaharakisha nyingine, ikaichelewesha, au ikaikopesha sura zake. Waliandika wakiwatazama watoto wa Kifaransa na Kiingereza huko Montréal. Je, tani za Kifuliiru huchelewa kwa mtoto anayesikia Kiswahili nusu ya siku? Au kinyume chake, sikio lililozoea tani linamsaidia baadaye? Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa Montréal, na kwa Kiswahili peke yake haliwezi kujibiwa hata Nairobi, ambako Kamil Ud Deen alirekodi watoto wanne na kutoa kitabu chake juu ya viambishi vya kitenzi mwaka 2005.

Mwaka 2018 McLeod na Kathryn Crowe walikusanya uchunguzi 64 uliokwisha kufanywa juu ya konsonanti za watoto: watoto 26,007, nchi 31, lugha 27. Kiswahili kimo. Kifuliiru, Kirundi na Kibembe havimo. Mtu anaweza kuhuzunika. Mimi naona ni nafasi ya kazi, na si ya wageni tu. Msingi upo tayari. Karen na Roger Van Otterloo walitoa mwaka 2011 juzuu mbili juu ya Kifuliiru, ya kwanza ikishughulika na sauti, tani na uundaji wa maneno, ya pili na sarufi. Lugha ya watu wazima ikiwa imeelezwa kwa kina kiasi hicho, anayetaka kuchunguza watoto haanzi gizani.

Hata hivyo jambo la kwanza la kufanya si kurekodi watoto. Ni kurekodi watu wazima wa mtaa uleule: mama, walimu wa darasa la kwanza, waimbaji wa kanisani, wauza mihogo. Kiswahili cha Lemera kiandikwe kama kilivyo, selasini na zambi na apa, kabla mtoto hajaulizwa neno. Kazi hiyo haidai mashine za bei kubwa. Simu inayorekodi vizuri, chumba kisicho na bati linalopigwa na mvua, na mwanafunzi aliyefundishwa unukuzi vinatosha kuanza. Mara ngapi TFC zetu zimerudia mada zilezile za riwaya zilezile? Kumi kati ya hizo zingeweza kuwa sauti za mitaa kumi.

Ndipo inapokuja ile sehemu ya ushirikiano ambayo hatupendi kuizungumza waziwazi. Mshirika wa nje analeta fedha, mafunzo ya utabibu wa usemi, programu za kuchambua sauti na jina linalofungua milango ya majarida. Sisi tunaleta masikio. Mnukuzi asiyesema Kifuliiru hatasikia irabu ndefu, na asiyejua Kiswahili cha Uvira atahesabu makosa yasiyokuwepo. Kwa maneno mengine, bila masikio hayo hakuna data, kuna kelele tu. Hivyo mnukuzi hastahili kushukuriwa kwenye mstari wa mwisho wa makala. Anastahili kuwa mwandishi mmojawapo, na hilo likubaliwe kwa maandishi kabla ya rekodi ya kwanza.

Vilevile na sauti zenyewe. Sauti ya mtoto ni ya mtoto. Mzazi aelezwe kwa Kifuliiru, si kwa karatasi ya Kifaransa ya kutia kidole gumba: rekodi itawekwa wapi, nani ataisikiliza, na anaweza kuikataa baadaye. Katika eneo ambalo watu wamehama na kurudi mara nyingi tangu 1996, mwaka hospitali ya Lemera iliposhambuliwa, swali «unatoka wapi na nyumbani mnasema lugha gani» halisikiki kama swali la isimu tu. Kuna mama atakayejibu Kiswahili kwa sababu ndilo jibu la usalama. Mtafiti asiyelijua hilo ataandika kwamba nyumba ile haina Kifuliiru, na hesabu yake yote ya kiasi gani mtoto anasikia lugha ipi itakuwa imeharibika tangu ukurasa wa kwanza.

Na matokeo yarudi. Nakala moja ya rekodi ibaki katika maktaba ya chuo cha huku. Walimu wa darasa la kwanza wapewe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema sauti zipi ni za kawaida kwa watoto wao na dalili zipi zinadai kumpeleka mtoto hospitali: hajibu akiitwa kwa nyuma, haunganishi maneno mawili katika lugha yoyote baada ya kutimiza miaka miwili, au alikuwa anasema akaacha baada ya homa.